Kuzichunguza Gesi za Atomi Baridi kwa Mwanga wa Leza: Mwongozo kwa Anayeanzia Lamu

Mnamo Juni 1995, huko Boulder nchini Marekani, Eric Cornell na Carl Wieman walifanikiwa kuzipoza atomi za rubidi zipatazo elfu mbili hadi takriban nanokelvini 170, kiwango ambacho hakifiki hata sehemu mbili kati ya milioni kumi za kelvini moja. Katika baridi hiyo atomi ziliacha kwenda kila moja kivyake, zikawa kama wimbi moja, jambo ambalo Satyendra Nath Bose na Albert Einstein walikuwa wamelionyesha kwa hesabu miaka sabini kabla. Hatua ya kwanza ya kuzipoza ilifanywa kwa mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, mwanga wa jamii ile ile iliyokuwa ikisoma santuri za sidii majumbani mwetu.

Mwongozo huu unamlenga mwalimu wa fizikia, fundi wa elektroniki, au mwanafunzi aliyemaliza sekondari hapa Lamu au kwa jirani zetu wa Malindi, ambaye angependa kuisoma taaluma hii kwa vitendo. Sitamdanganya kwamba kondenseti ya Bose na Einstein, yaani hiyo hali ya atomi kuwa wimbi moja, itapatikana katika chumba cha nyumba ya mawe mtaani Langoni. Hesabu, kompyuta, leza na chupa ya mvuke wa rubidi ni mambo yanayowezekana hapa hapa kwa subira na fedha za kuchangishana. Ombwe, yaani chombo kilichotolewa hewa, na mtego wa kuzishikia atomi ni kazi ya maabara ya chuo kikuu. Hata hivyo nimezieleza hatua zote, kwa kuwa anayefika maabara akiwa tayari amezipitia za mwanzo hapotezi mwaka wake wa kwanza akijifunza kushika kioo.

Kanuni moja nimeifuata tangu mwanzo hadi mwisho: usiwashe kifaa chochote kabla hujaandika daftarini namba unayoitarajia. Baridi ya atomi haigusiki wala haionekani. Ni hesabu inayotolewa katika picha, na asiyejua namba iliyopaswa kutokea hatajua kama alichokiona ni atomi au ni uchafu juu ya lenzi.

Hatua ya kwanza: namba za kuanzia

Tutatumia rubidi 87, isotopu ambayo ni asilimia 27.8 ya rubidi ya asili. Iliyobaki ni rubidi 85. Atomi moja ya rubidi 87 ina uzito wa kilo 1.44 × 10⁻²⁵. Katika halijoto ya chumba, kelvini 300, mwendo wake wa wastani ni kama mita 290 kwa sekunde. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ya nanomita 780 inapomezwa na atomi huibadilishia mwendo kwa kiasi cha h/mλ (h ni namba ya Planck, m ni uzito wa atomi, λ ni urefu wa wimbi), ambacho ukikipiga hesabu utapata milimita 5.9 kwa sekunde. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, nawe utaona kwamba kuisimamisha atomi moja kunahitaji fotoni zipatazo elfu hamsini, zote zikitoka upande mmoja.

Idadi hiyo inatisha mpaka utakapoiuliza atomi inachukua muda gani kumeza fotoni na kuitema. Hali yake ya juu hudumu nanosekunde 26 tu, kwa hiyo chini ya mwanga mkali atomi hupokea fotoni milioni 19 kila sekunde. Fotoni elfu hamsini humalizika kwa milisekunde zisizozidi tatu, na katika muda huo atomi itakuwa imesafiri sentimita 40 hivi. Breki hiyo ina nguvu ya zaidi ya mara elfu kumi na moja ya mvutano wa dunia. Ninapowafanyisha vijana hesabu hii baada ya sala ya alasiri, wengi hudhani wamekosea sifuri mahali fulani. Wairudie mpaka waiamini, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini mwanga, kitu ambacho mkono hauusikii, waweza kumshika mkimbiaji wa namna hiyo.

Namba ya mwisho ya kuandika ni ya athari ya Doppler. Atomi inayouendea mwanga kwa mita moja kwa sekunde huuona mwanga huo ukiwa na masafa ya juu zaidi kwa megahezi 1.28. Mstari wa atomi yenyewe, yaani upana wa masafa inayoyakubali, ni megahezi 6 tu. Maana yake ni kwamba leza moja haizungumzi na atomi zote za chupa. Huzungumza na zile chache ambazo mwendo wao umo ndani ya mita chache kwa sekunde za mwendo unaofaa.

Hatua ya pili: kuielewa shira ya mwanga

Mwaka 1975 Theodor Hänsch na Arthur Schawlow walipendekeza hila iliyo nyepesi kuisimulia. Elekeza leza mbili zikabiliane, na masafa ya zote mbili yawe chini kidogo ya masafa ya atomi. Atomi iliyotulia haizisikii vizuri. Lakini ikianza kwenda kulia, leza inayotoka kulia huonekana kwake imepanda masafa na kuukaribia mstari wake, ilhali ile ya nyuma imeshuka na kuuacha. Hivyo itameza fotoni nyingi zaidi za mbele kuliko za nyuma na kupunguza mwendo. Ikigeuka kwenda kushoto, mambo hugeuka pia. Weka jozi tatu za namna hiyo, kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, na atomi itajikuta kila inakoelekea inakinzwa. Steven Chu na wenzake walipolitimiza jambo hili mwaka 1985 kwa atomi za sodiamu, walilipa jina la kimiminika kizito cha miwa. Mimi huiita shira, maana aliyewahi kuiona kaimati ikizama polepole katika shira ya moto hahitaji maelezo zaidi.

Shira hiyo ina kikomo. Fotoni zinazomezwa hutoka upande unaojulikana, lakini zinazotemwa huenda popote, na kila inayotoka huipa atomi teke dogo lisilo na mpango. Breki na mateke vinapolingana, kwa rubidi halijoto husimama kwenye mikrokelvini 146, ambako mwendo katika mwelekeo mmoja ni kama sentimita 12 kwa sekunde. Hicho ndicho kikomo cha Doppler, na kwa miaka kadhaa kiliaminiwa kuwa sakafu.

Mwaka 1988 kundi la William Phillips lilipima halijoto ya sodiamu na kupata kama mikrokelvini 40, ilhali nadharia ilisema haiwezi kushuka chini ya 240. Hawakushangilia mara moja. Walirudia kipimo kwa njia tofauti mpaka wakaridhika kwamba si kosa la vifaa. Maelezo yalikuja baadaye kutoka kwa Jean Dalibard na Claude Cohen-Tannoudji, na kutoka kwa kundi la Chu: atomi halisi ina ngazi ndogo ndogo za ndani ambazo nadharia ya mwanzo ilizipuuza, na leza zinazokabiliana hujenga vilima vya mwanga ambavyo atomi huvipanda tena na tena ikipoteza nishati. Chu, Cohen-Tannoudji na Phillips walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Kisa hiki nakileta kwa ajili ya daftari lako: kama Phillips asingekuwa na namba ya 240 mbele yake, ile 40 isingemwambia lolote.

Hatua ya tatu: kuipoza atomi katika kompyuta

Hapa kompyuta yoyote ya kawaida inatosha, na lugha ya Python ambayo haina malipo. Nguvu ya mwali mmoja wa leza juu ya atomi huandikwa hivi:

F = ħk × (Γ/2) × s / (1 + s + 4Δ²/Γ²)

Hapa ħ ni h kugawanywa kwa 2π, k ni 2π kugawanywa kwa urefu wa wimbi, Γ ni 2π mara megahezi 6.07, s ni ukali wa mwanga ukilinganishwa na ule unaoishibisha atomi (kwa rubidi, miliwati 1.67 kwa kila sentimita ya mraba), na Δ ni tofauti ya masafa ya leza na ya atomi baada ya kuingiza Doppler, yaani δ − kv kwa mwali unaokwenda pamoja na atomi na δ + kv kwa unaoikabili, v ikiwa mwendo wa atomi na δ ikiwa tofauti hiyo kwa atomi iliyotulia.

Anza kwa kuchora nguvu ya miali miwili ikijumlishwa, mwendo ukitoka mita −30 hadi 30 kwa sekunde, kwa δ ya nusu Γ, ya Γ moja na ya Γ tatu chini ya mstari. Utauona mchoro unaopita sifuri ukiteremka. Mteremko huo ndio breki. Kisha achia atomi mia moja zenye miendo mbalimbali, ukizisogeza kwa vipindi vya mikrosekunde moja. Zikikimbia badala ya kutulia, umekosea alama ya δ, kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya mara moja. Zikitulia zote kwenye sifuri kabisa, usifurahi: umesahau mateke ya fotoni zinazotemwa. Yaongeze, kila teke likielekea popote kwa bahati nasibu, na umezaji wenyewe wa fotoni nao uje kwa bahati nasibu, tumia s ndogo isiyozidi 0.1 na δ ya nusu Γ, nawe utaona miendo ikitawanyika jirani na zile sentimita 12. Usiende hatua ifuatayo mpaka programu yako ikupe namba hiyo.

Hatua ya nne: leza, umande na chumvi

Sehemu hii nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo ambayo miongozo ya nchi za baridi haimsaidii mtu wa pwani.

Usalama kwanza. Mwanga wa nanomita 780 huonekana kwa jicho kama wekundu hafifu sana, hata pale unapokuwa na nguvu ya kuichoma retina, na kwa kuwa hauonekani mkali jicho halipepesi kujikinga. Vaa miwani ya kinga iliyoandikwa kwamba inazuia urefu huo wa wimbi. Miwani ya jua haifai hata kidogo. Miali yote ipite katika kimo kimoja, chini ya kimo cha macho ya aliyeketi, vua saa na pete, na mlango uwe na komeo, maana katika nyumba zetu mtoto huingia bila hodi.

Dayodi ya leza hubadilisha urefu wa wimbi kwa karibu robo nanomita kwa kila digrii ya halijoto. Vitabu humshauri mtu anunue dayodi rahisi ya nanomita 785 kisha aipoze mpaka ifike 780. Piga hesabu: nanomita tano ni digrii ishirini, yaani dayodi iwe kwenye nyuzi tano za Selsiasi. Hapa Lamu umande huanza kujishika juu ya chochote kilicho chini ya nyuzi 23 au 24 kwa miezi mingi ya mwaka. Nilijaribu, na asubuhi yake nikakuta dayodi imelowa kama glasi ya maji ya barafu, haikuwaka tena. Tangu hapo ushauri wangu ni kinyume cha vitabu: tafuta dayodi ambayo kwa nyuzi 25 iko chini kidogo ya 780, tuseme 778 au 779, kisha ipashe moto mpaka ifike. Kuipasha kunapunguza maisha yake kidogo, lakini ni afadhali hivyo kuliko kuizamisha.

Mbele ya dayodi huwekwa kioo chenye mistari myembamba inayourudisha sehemu ya mwanga ndani yake, ili leza iwe na masafa membamba chini ya megahezi moja na uweze kuyapandisha na kuyashusha kwa kuinamisha kioo hicho kidogo mno. Kioo hicho hakifutwi kwa kitambaa wala kidole kamwe. Chumvi ya hewani nayo huviandama vioo vingine vyote: hifadhi kila kitu katika sanduku la kufunga lenye chembe za kukausha unyevu, na uzioke chembe hizo upya kila zinapobadilika rangi.

Nyumba zetu za mawe zina sifa moja ambayo maabara nyingi zingeitamani. Kuta za matumbawe zenye unene wa nusu mita hupunguza mabadiliko ya joto la mchana na usiku, na leza hupenda chumba kisichobadilika kuliko chumba baridi. Upungufu wake ni vumbi la chokaa linalodondoka kutoka darini. Tandika kitambaa juu ya meza na uifunike kazi yako. Mtikisiko wa punda wanaopita kichochoroni na mchanga wa ujenzi hupungua ukiweka sahani nzito ya chuma au jiwe juu ya mpira wa baiskeli uliojazwa upepo nusu. Umeme upitie betri ya akiba, kwani kupotea na kurudi kwa ghafla huua dayodi haraka kuliko umande.

Hatua ya tano: mstari wa rubidi ndani ya chupa

Chupa ya kioo yenye mvuke wa rubidi ni kifaa kidogo kama kidole gumba, kimefungwa kabisa na hakina hatari kikiwa kizima. Kikivunjika usikishike, kwa maana rubidi huwaka ikikutana na maji, hata ya jasho. Hapa joto letu ni msaada: mvuke wa rubidi kwenye nyuzi 30 ni karibu mara tatu ya ule wa nyuzi 20, kwa hiyo huhitaji kuipasha chupa.

Pitisha mwali wa leza katika chupa, uupokee kwa fotodayodi, yaani kifaa cha kupimia mwanga, kisha pandisha masafa taratibu. Kamera ya ulinzi ya bei nafuu isiyo na kichujio cha infraredi itakuonyesha mwali uking'aa ndani ya chupa pale masafa yanapolingana. Siku ya kwanza kuuona ndiyo siku ya kuwaita wenzako. Kwenye osiloskopu utaona mabonde manne: la kwanza rubidi 87, mawili ya katikati ni ya rubidi 85, na la mwisho rubidi 87 tena. Mabonde mawili ya pembeni yametengana kwa kiasi kinachokaribia gigahezi 6.8, ambayo ni tofauti ya ngazi mbili za chini za rubidi 87. Yale ya katikati yametengana kwa gigahezi 3 hivi. Tumia namba hizo kupimia mhimili wako wa masafa.

Kila bonde lina upana wa megahezi mia tano hivi, si sita, kwa sababu atomi za chupa zinakimbia kila upande. Ili kuuona mstari wenyewe, gawanya mwali mara mbili: mwali mkali upite upande mmoja, na hafifu upite njia hiyo hiyo ukitokea upande wa pili. Miali hiyo miwili hukutana na atomi zile zile pale tu ambapo atomi hazisogei upande wa mwali wowote, na hapo mwali mkali unakuwa umekwisha kuzishughulisha, basi ule hafifu hupita kwa urahisi zaidi. Ndani ya bonde pana utaona vilele vyembamba. Baadhi yake si mistari halisi bali ni vilele vya katikati ya mistari miwili. Kilicho kikubwa zaidi katika bonde la kwanza kiko megahezi 133 chini ya mstari ambao tutautumia kupozea. Andika jambo hili kwa wino mwekundu, kwa kuwa wengi wamefunga leza zao kwenye kilele kisicho chenyewe wakashangaa kwa nini mtego hautokei.

Kufunga leza maana yake ni kuufanya mzunguko wa elektroniki uirudishe kwenye kilele kila inapoteleza. Ukifika hapa, ukaweza kuiacha leza imefungwa kwa saa moja bila kuigusa, umefanya hapa Lamu kazi ile ile ambayo mwanafunzi wa shahada ya juu huifanya popote duniani.

Hatua ya sita: ombwe na mtego

Kuanzia hapa tunazungumza kama watu walio maabara. Atomi baridi haiishi mahali penye hewa, kwa hivyo chombo cha chuma kisichoshika kutu hunyonywa hadi kanieneo ya sehemu ya bilioni moja ya tori (kipimo cha kanieneo) au chini yake. Adui mkuu ni maji yaliyong'ang'ania kuta za ndani, na dawa yake ni kukioka chombo kizima kwenye nyuzi 150 hadi 200 kwa siku kadhaa pampu zikifanya kazi. Vaa glavu, kwa kuwa alama moja ya kidole hutoa gesi kwa wiki.

Mtego wenyewe ulionyeshwa kwanza mwaka 1987, kutokana na wazo la Dalibard. Shira hupunguza mwendo lakini haina kitovu. Atomi huelea na hatimaye kutoka. Koili mbili zenye mkondo unaozunguka kinyume huongeza uga wa sumaku ambao ni sifuri katikati na hukua kama gausi 10 kwa sentimita. Atomi inayotoka kitovuni hubadilishwa mstari na uga huo, na kwa kuwa miali imepewa polaraizesheni, yaani namna mwanga unavyotetema, zinazozunguka upande unaofaa, ule unaoirudisha katikati ndio unaomezwa zaidi. Si kama dema la mvuvi, ambalo samaki huingia asiuone mlango wa kutokea. Hapa hakuna kuta, kuna kurudishwa tu.

Leza ya kupozea iwekwe megahezi 12 hadi 18 chini ya mstari. Leza ya pili, ya kurudishia, ni ya lazima: mara moja katika maelfu atomi huangukia ngazi nyingine ya chini ambako leza ya kwanza haiioni, na bila ya pili mtego humwagika kabla hujafumba jicho. Mtego usipotokea, kagua kwa mpangilio huu: kilele ulichofungia, leza ya kurudishia, mwelekeo wa mkondo katika koili, kisha polaraizesheni. Mara nyingi ni mkondo. Geuza nyaya, uone.

Unapotaka kushuka chini ya kikomo cha Doppler, zima koili na uufute uga wa dunia kwa jozi nyingine za koili ndogo. Uga huo pwani yetu ni karibu theluthi moja ya gausi na umelala zaidi kuliko wa Ulaya, ambako husimama karibu na wima, kwa hiyo koili ya kaskazini na kusini ndiyo itakayobeba kazi kubwa.

Hatua ya saba: kuhesabu na kupima halijoto

Hesabu ya atomi huanza na mwanga wanaoutoa. Atomi iliyoshiba hutoa kama sehemu tano kati ya trilioni za wati moja, basi atomi milioni mia moja zingetoa karibu nusu miliwati kwa pande zote. Katika mtego halisi, ambako leza iko mbali kidogo na mstari, kiasi hicho hupungua. Lenzi ya sentimita 2.5 iliyo umbali wa sentimita 15 huokota sehemu 17 tu katika elfu kumi. Zidisha, uandike wati unazozitarajia, ndipo uisome fotodayodi. Kazi ya kuhesabu fotoni pwani hii si ngeni: setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilihesabu fotoni za miale ya eksi kutoka kwenye nyota kwa mantiki ile ile ya kujua kwanza kigunduzi chako kinaokota kiasi gani.

Halijoto hupimwa kwa kuliachia wingu. Zima koili na leza zote kwa mpigo, subiri milisekunde chache, kisha piga picha kwa mmweko mfupi wa mwanga unaolingana na mstari. Wingu huacha kivuli. Picha huwa tatu: yenye atomi, isiyo na atomi, na ya giza. Toa ile ya giza katika zote mbili, gawanya ya kwanza kwa ya pili, chukua logariti asilia na ubadilishe alama, nawe unapata unene wa wingu katika kila pikseli. Ruka picha yoyote kati ya hizo tatu, na utapima vumbi.

Rudia kwa muda wa kusubiri unaobadilika. Upana wa wingu, σ, hufuata kanuni hii:

σ² = σ₀² + (k_B T/m) × t²

Chora σ² dhidi ya t². Mteremko wa mstari ulionyooka ukizidishwa kwa m na kugawanywa kwa k_B, namba ya Boltzmann, ndiyo halijoto T. Chukua wingu la mikrokelvini 50 lililoanza na upana wa milimita 0.50: baada ya milisekunde 10 litakuwa milimita 0.85, na baada ya 20 litakuwa 1.47. Hizo ndizo namba za kuandika kabla ya kupiga picha. Alama zikipinda badala ya kunyooka, mara nyingi koili hazikuzimika haraka au mwali mmoja una nguvu kuliko mwenzake na unalisukuma wingu kando.

Ipo hila moja ninayoipenda kuliko zote. Ili kujua pikseli moja ni milimita ngapi, wengi hutafuta rula ya kuweka mbele ya kamera, ilhali rula imo ndani ya wingu lenyewe: linaanguka. Kwa milisekunde 10 hushuka milimita 0.49, kwa 20 hushuka 1.96, popote duniani. Pima kitovu cha wingu kimeshuka pikseli ngapi, na kipimo chako kimekamilika.

Kuelekea kondenseti nitapita upesi, kwani ni kazi ya miaka. Kwa kawaida mwanga wa leza peke yake haukufikishi huko. Atomi huhamishiwa katika mtego wa sumaku au wa mwali mkali ulio mbali na mstari, kisha zile zenye moto zaidi huachiwa zitoke ili zilizobaki zipoe, kama kahawa chungu inavyopoa kwa mvuke wake. Kipimo cha kufika ni wakati msongamano wa atomi ukizidishwa kwa mchemraba wa urefu wa wimbi la de Broglie, yaani wimbi la atomi yenyewe, unapopita 2.612. Kwenye joto la chumba wimbi hilo la rubidi ni nanomita 0.011, kwenye nanokelvini 100 ni karibu nanomita 600, urefu wa wimbi la mwanga wa rangi ya chungwa.

Hatua ya mwisho: kubeba daftari

Unapoomba nafasi katika maabara, iwe ya chuo hapa nchini au mafunzo ya kituo cha fizikia cha kimataifa kilichoanzishwa na Abdus Salam huko Trieste mwaka 1964, usitume maneno ya kusifu taaluma. Tuma mchoro wa mabonde manne ya rubidi uliouchukua mwenyewe, ukiwa na mhimili wa masafa uliopimwa, na mchoro wa programu yako unaoishia kwenye sentimita 12 kwa sekunde, pamoja na maelezo ya makosa mawili uliyoyafanya na namna ulivyoyagundua. Kila mchoro uwe na namba uliyoitarajia pembeni mwa uliyoipata. Na daftari lenyewe liandikwe kwa wino usiotoka kwa maji na lifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, kwani safari yoyote ya kutoka Lamu huanza kwa boti ya kwenda Mokowe, na wakati wa kusi mawimbi hayachagui mzigo wa kulowesha.